Kombi ya zamani ikigoma: dalili, chanzo na pa kuanzia

Kombi ya kulala ndani, ile inayotoka wikendi tu, huharibikia zaidi kwenye maegesho kuliko barabarani. Siku tano imesimama, siku mbili inatakiwa iwake mara moja, ibebe magodoro, jiko, maji na watu, ipande milima, kisha irudi ikasimame tena. Wakati imesimama petroli inachacha kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), betri inanyonywa kidogo kidogo, mipira inakauka, ngoma za breki zinashika kutu na panya wanajenga kwenye feni. Halafu Ijumaa jioni ikigoma, mwenyewe anakwenda kununua koili mpya, kile kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche.

Nimewahi kununua koili tatu kwa kosa ambalo halikuwa la koili. Kwa hiyo hapa tutaanza na unachokiona, unachokisikia na unachokinusa, na spea zitasubiri zamu yake. Vifaa vya kuanzia ni vichache: maltimita ya kawaida, filagaji (bapa nyembamba za kupimia mianya), sumaku ndogo, tochi, sabuni ya maji na daftari. Daftari si la mapambo, utaona.

Mifano yangu mingi ni ya Volkswagen zenye injini nyuma inayopozwa kwa upepo, kwa kuwa ndizo nilizozichafulia mikono. Zilianza kutoka Wolfsburg mwaka 1950 zikiwa na kioo cha mbele cha vipande viwili, zikabadilishwa kuwa na kioo kimoja kipana mwaka 1967, Ujerumani ikaachana na hizo mwaka 1979, na Brazil ikaendelea kuziunda hadi 2013. T3, yaani kizazi cha tatu, ile ya pembe nne zaidi, ilifuata 1979. Ukiwa na Bedford au Fiat ya umri huohuo, sehemu za injini zitatofautiana, lakini umeme, breki, gesi na kutu ni yaleyale.

Siku ya kununua

Rangi mpya juu, lami nyeusi mbichi chini. Hakuna anayepaka lami chini ya gari siku tatu kabla ya kuliuza kwa sababu analipenda. Funga sumaku kwa kitambaa chembamba uipitishe kwenye vizingiti vya milango, matao ya magurudumu, pembe za chini za kioo cha mbele, kitako cha betri, pointi za jeki na mfereji wa paa. Inapong'ang'ania pana bati. Inapodondoka pana puti, ile pasta ya kuzibia matundu.

Kombi yangu ya kwanza ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Nyumbani nilibonyeza tao la gurudumu la nyuma kwa kidole gumba, rangi ikapasuka, na ndani nikachomoa gazeti lililokunjwakunjwa na kupakwa puti juu yake. Tarehe ilikuwa bado inasomeka. Haikukaribiana hata kidogo na ule "mwaka jana" wa muuzaji. Na mimi nilikuwa nimeshalipa.

Baada ya sumaku, omba jeki. Inua gari kidogo kwenye pointi yake, kisha jaribu kufungua na kufunga mlango wa kuteleza. Ukikwama, au mwanya wake wa juu ukibadilika, bodi inajikunja katikati kwa sababu vizingiti vimeoza kwa ndani. Jeki yenyewe ikianza kuzama kwenye bati, shukuru umeona mapema, kunja mikono uondoke.

Injini ina moto kabla hujafika. Gusa mabati yake ukiwa bado unasalimiana. Iliyopashwa moto inaficha uwakaji mgumu, moshi wa mwanzo na kelele za valvu. Mwambie utarudi ikiwa imepoa, na urudi kweli.

Ukishika puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini), injini ikiwa imezimwa, na kuivuta mbele na nyuma, unasikia "tok". Mchezo wa kranki, yaani kiasi inachosogea mbele na nyuma, kwenye injini hizi unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.15, kiasi ambacho mkono hauusikii kirahisi. Ukisikia mgongano wa wazi, injini inataka kufunguliwa yote. Hilo lisikutishe kuliko kutu. Injini hutolewa kwa boliti chache na kukarabatiwa mezani, lakini bodi iliyooza humaliza pesa na ndoa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kombi yenye injini iliyokufa na bodi kavu, na nyingine inayonguruma vizuri juu ya vizingiti vya puti, nitaburuta hiyo iliyokufa.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kibao na ya kwenye hati. Ikitofautiana hata tarakimu moja, usikae kusikiliza maelezo.

Haiwaki Ijumaa jioni

Geuza ufunguo usikilize. Kimya, "tik" moja, au stata inazunguka bila injini kushika: hayo ni magonjwa matatu tofauti na watu huyatibu kwa dawa moja.

Kimya au "tik" ni umeme. Pima betri iliyotulia saa kadhaa: volti 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imekwisha. Volkswagen za kabla ya modeli za 1967 zilitumia volti 6, kwa hiyo hapo gawa kwa mbili. Betri ikiwa nzima na stata bado inasuasua, usinunue stata. Weka ncha nyekundu ya maltimita juu ya nguzo chanya ya betri yenyewe, si kwenye kibanio, na ncha nyeusi kwenye boliti ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani: kibanio kimeota unga wa kijani, au waya umeoza ndani ya ganda lake. Rudia upande wa arthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma cha injini. Kombi hizi zina utepe wa arthi unaounganisha giaboksi na bodi, kwa kuwa giaboksi na injini vimekaa juu ya raba ambazo hazipitishi umeme. Utepe huo uko chini, unapigwa matope, na hakuna anayeukumbuka. Utoe, usugue hadi chuma king'ae, urudishe. Nusu ya stata "mbovu" hupona hapo.

Asubuhi inawaka, ukisimama kujaza petroli inagoma kwa "tik", ikipoa inakubali. Hapa mshitakiwa wa kwanza ni waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo mbele hadi kwenye solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoiwasha) nyuma kabisa. Njia ni ndefu, viungio ni vya zamani, na solenoidi yenye joto inataka nguvu zaidi kuliko iliyopoa. Kufunga rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) karibu na stata, ichukue umeme moja kwa moja kwenye waya mnene, hutibu kabisa. Bushi ya stata iliyolika nayo huleta dalili inayofanana, kwa hiyo ukiwa umetoa stata kwa sababu yoyote ibadilishe.

Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Ikiwa gari limesimama wiki mbili tatu, bakuli la kabureta huenda ni kavu, petroli imeruka. Pampu ya mitambo hufanya kazi injini ikizunguka tu, kwa hiyo piga stata sekunde kumi, pumzika, piga tena. Bado? Toa plagi moja. Kavu maana yake petroli haifiki. Mbichi inayonuka petroli maana yake cheche haipo au ni dhaifu. Inayonuka kama vanishi maana yake petroli yenyewe imechacha, imwage.

Cheche ikikosekana baada ya kusimama, anza na platini, zile ncha mbili zinazofunguka na kufunga ndani ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi). Zikikaa kwenye unyevu hujifunika ukungu mwembamba usiopitisha umeme, hata kama mwezi uliopita zilikuwa safi. Kata kipande cha kadi ngumu safi, kipitishe katikati yake mara mbili tatu, kisha pima mwanya kwa filagaji: milimita 0.4. Kazi ya dakika tano. Koili zangu tatu zilikuwa bado kwenye maboksi yake nilipojifunza hili.

Betri inakufa kila wiki. Fungua waya hasi, weka maltimita ya kupima ampea kati yake na nguzo. Gari la zamani lisilo na saa wala redio ya kisasa linatakiwa lisivute karibu chochote. Zaidi ya miliampea 50 tafuta mnyonyaji. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Ukimaliza zote na bado inavuta, tenganisha altaneta, kwani dayodi iliyopasuka huvujisha usiku kucha bila kupitia fyuzi yoyote.

Inakata nguvu njiani, ukisimama kidogo inapona

Huu ndio ugonjwa uliokula pesa zangu nyingi. Ukimuuliza fundi kwa simu atakwambia koili, wa pili atakwambia pampu, wa tatu chujio, na wote wanaweza kuwa sahihi. Kinachotenganisha majibu yao ni vitu viwili ambavyo dereva pekee anavijua: hali ya hewa ilikuwaje, na injini ilichukua muda gani kupona.

Ikipona ndani ya dakika moja, hasa baada ya kupanda mlima au mwendo wa kasi, petroli haikufika kwa wingi. Kasi hunyonya uchafu wa tenki ukaziba mdomo wa bomba, ukisimama uchafu unazama, njia inafunguka. Kabla ya kufungua chochote, fungua kifuniko cha tenki usikilize. Kikivuta pumzi, "fyuuu", tundu la hewa la tenki limeziba na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya ombwe.

Ikichukua nusu saa na zaidi, siku ya jua, koili au kondensa (kile kikopo kidogo kinachozilinda platini zisiungue) ndiyo inayojiua ikipata moto. Hapa usisubiri ipone: pima cheche palepale, wakati bado imekufa. Ikishapona hakuna kipimo kitakachokwambia kitu.

Ikitokea mchana wa joto kali, mara nyingi baada ya kuzima kidogo na kuwasha tena, petroli inageuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na ekzosi. Sogeza bomba mbali na moto.

Kuna ya nne. Yangu ilikuwa inakufa asubuhi za ukungu, kilomita kumi hivi baada ya kuondoka, na kupona baada ya dakika tano kamili. Nilibadilisha koili, pampu, chujio, kisha koili tena. Asubuhi moja nilisimama pembeni, nikatoa kisafisha hewa kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, na nikaona shingo ya kabureta imefunikwa ukoko mweupe wa barafu. Nje palikuwa na nyuzi kama 10, wala hapakuwa na baridi ya kugandisha.

Ndivyo inavyofanya kazi. Petroli ikigeuka mvuke hunyang'anya joto chuma cha kabureta, na hewa ikipita mahali pembamba hupoa zaidi. Ikiwa hewa ina unyevu mwingi na joto ni kati ya nyuzi 5 na 15 hivi, unyevu huo huganda kwenye kipepeo cha kabureta na kuziba njia. Injini ikizima, joto lake hupanda, barafu inayeyuka, na dakika tano baadaye hakuna ushahidi. Waliounda injini hii walilijua hilo, ndiyo maana kuna bomba dogo linalopitisha moshi wa ekzosi chini ya kabureta kuipasha joto. Miaka ikipita, bomba hilo huziba kwa masizi.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Washa injini iliyopoa, subiri dakika chache, uguse haraka ncha zote mbili za bomba hilo. Zote ziwe na moto. Yangu upande mmoja ulikuwa wa baridi kama kijiko. Tulilizibua kwa waya mgumu wa kusokotwa uliofungwa kwenye drili, taratibu, kazi ya saa nzima na masizi hadi masikioni. Angalia pia mpira unaoleta hewa ya moto kwenye kisafisha hewa. Kwenye magari mengi umeshapotea, kwa kuwa mtu fulani aliuona hauna kazi.

Taa nyekundu na injini inayochemka bila maji

Taa ya chaji ikiwaka ukiwa mwendoni kwenye injini ya cc 1600 yenye feni iliyosimama wima, simama sasa hivi, si mbele kidogo. Feni imefungwa kwenye mhimili wa dainamo, na vyote vinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika hakuna chaji, na hakuna upepo pia. Kilomita mbili zinatosha kuua injini. Beba mkanda wa akiba na spana yake, ufanye zoezi la kuubadilisha nyumbani mara moja ukiwa hujachafukwa na moyo. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke kama milimita 15.

Joto linalopanda polepole halina taa. Dalili zake ni harufu ya oili ya moto, nguvu kupungua mlimani, mlio wa kokoto ukikanyaga mafuta, na taa ya oili kumemeta ukisimama kwenye foleni. Fungua mlango wa injini uangalie pembeni pote. Kati ya injini na bodi pana mpira unaotenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Ukikosekana, feni inavuta moto uleule iliokwisha kuutoa. Mabati yanayofunika silinda nayo ni sehemu ya mfumo wa kupozea, kwa hiyo anayeyatoa "ili injini ipumue" anaikaba. Kisha mulika tochi kwenye feni na kwenye kipoza oili. Kombi iliyolala miezi mitatu huwa na kiota: nyasi, sponji ya kiti, wakati mwingine na mwenyewe.

Baada ya hapo angalia taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, maana cheche inayowahi sana huleta joto, na uvujaji wa hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), maana mchanganyiko mwepesi wa petroli huunguza.

Sasa lile daftari. Mwanya wa valvu hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, milimita 0.15, kila kilomita 5,000 hivi. Silinda namba 3 ndiyo iliyozoea joto kali, hasa kwenye injini za awali ambazo kipoza oili kilisimama kwenye njia ya upepo wake. Andika ulichokuta kabla ya kurekebisha. Valvu ya ekzosi ya namba 3 ikikutwa imebana mara moja, sawa. Ikikutwa imebana tena na tena, ina maana shina lake linarefuka, na siku moja kichwa chake kitakatika na kutoboa pistoni. Usipoandika utakuwa unairekebisha kwa uaminifu hadi siku ya mazishi.

T3 za kupozwa kwa maji zina hadithi nyingine. Rejeta iko mbele, injini nyuma, mabomba marefu chini, na hewa hunaswa kirahisi baada ya kubadilisha maji. Inua pua ya gari, injini izunguke kama mara 2,000 kwa dakika, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta hadi maji yatoke bila mapovu. Unyevu kwenye mstari wa vichwa vya silinda usiupuuze: dawa ya rejeta isiyofaa hula alumini pale raba zinapokaa.

Harufu

Ya petroli: usiwashe, usijaribu hata taa. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, hulainika kwa ndani na kupasuka kwa nje ukiikunja. Badilisha yote kwa mara moja, utafute iliyoandikwa R9 ubavuni. Halafu shika kile kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kimeshindiliwa tu, na kikilegea huchomoka na kumwaga petroli juu ya distributa inayotoa cheche. Kombi nyingi zimeungua hivyo. Chujio la plastiki lililoning'inizwa hapohapo juu lishushwe liende chini ya gari. Na kizima moto kikae karibu na mlango, kisilale chini ya magodoro.

Ya moshi ndani ukifungua hita: kwenye injini za upepo, hewa ya hita hupita kando ya bomba la ekzosi ndani ya maboksi ya kupashia joto. Yakitoboka kwa kutu, unachopulizwa miguuni ni moshi, na kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu ya kukuonya. Funga hita, fungua vioo, na usiitumie hadi maboksi yabadilishwe. King'ora cha kaboni monoksaidi kwenye gari la kulala si anasa, hasa kwa wanaopika milango ikiwa imefungwa.

Ya gesi ya jiko: ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Pasiwe na swichi wala kiberiti. Funga mtungi, fungua milango yote. Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungio, na tundu la sakafuni la kutolea gesi lisizibwe na zulia. Mpira wa gesi huwa na tarehe ubavuni, isome. Jiko likififia alfajiri ya baridi kali huku mtungi ukiwa mzito, mara nyingi mtungi ni wa butani, ambayo huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Propani hustahimili hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Ya yai viza chini ya gari penye tone la oili: hiyo ni oili ya gia, inavuja giaboksi. Tone lisilonuka hivyo, kati ya injini na giaboksi, ni sili ya nyuma ya kranki, na klachi itafuata kuteleza. Injini ya 1600 inabeba lita 2.5 tu za oili. Ukipungukiwa nusu lita, moja ya tano ya damu imekwenda.

Friji haipoi, taa za ndani zinafifia

Friji za zamani za gesi na umeme hazina kompresa. Hutegemea kimiminika kushuka chenyewe ndani ya mabomba, kwa hiyo gari likiinama, upoaji unakufa. Weka bilauri ya maji juu ya meza, sawazisha gari kwanza, subiri saa kadhaa ndipo ulaumu. Mwali wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, kichomeo kina utando wa buibui au masizi. Kwa volti 12 iendeshwe gari likiwa linatembea tu, kwani huvuta ampea nane hadi kumi na itaua betri kabla ya usiku wa manane.

Betri ya pili isiyojaa: pima kwenye nguzo zake injini ikinguruma kwa kasi kidogo. Ukiona 13.8 hadi 14.4, chaji inafika na betri yenyewe imechoka. Ukiona 12 na pointi, rilei ya kutenganisha betri haifungi, au arthi yake imeoza. Usiishushe chini ya 12.2 kila wikendi ukategemea idumu.

Maji ndani

Yanapodondokea sipo yanapoingilia. Mtu akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira akianza chini na kupanda polepole, dakika chache kila mahali: milango, vioo, mfereji, mwisho paa la kuinuka. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua kitu. Turubai la paa lililokunjwa likiwa bichi Jumapili lifunguliwe Jumatatu, vinginevyo litaota ukungu mweusi usiotoka.

Breki na usukani

Kanyagio linazama mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili linapanda: viatu vya breki viko mbali na ngoma, virekebishe. Laini kama sponji: hewa. Linashuka polepole mguu ukiwa umetulia juu yake: masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na kanyagio) inapitisha kwa ndani, au kuna uvujaji gurudumuni, kama ndani ya ngoma ni pakavu, ni masta silinda.

Gari linavuta upande mmoja, na gurudumu hilo lina moto baada ya safari. Hapa wengi hubadilisha silinda ya gurudumu wakati mkosaji ni mpira wa breki. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, mguu wenye nguvu unasukuma oili ipite, lakini oili haina nguvu ya kurudi. Gurudumu likiwa limeshikwa, legeza kwanza nati ya bomba la chuma kabla ya mpira. Likibaki limeshikwa, fungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya gurudumuni. Likiachia hapo, mpira ndio. Oili ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili bila kuhesabu kilomita. Ukiegesha kwa wiki nyingi usivute handibreki, ingiza gia, weka vigingi. Viatu huganda kwenye ngoma.

Linayumba barabarani: pima upepo wa tairi kwanza, nyuma uzidi mbele kwa kuwa uzito uko nyuma, kisha ndipo uchunguze steringi boksi na maungio. Soma pia umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kombi za wikendi hubeba tairi zenye kashata nzuri zilizozeeka kuliko watoto wanaozipanda.

Kanyagio la klachi linaanguka sakafuni na halirudi

Kwenye kombi za kabla ya T3 ni kebo imekatika. Ukiwa nayo ya akiba, ni saa moja chini ya gari. Ukiwa huna, nyumbani unafika. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, hakikisha mbele hapana mtu, piga stata: gari litajivuta na kuwaka likiwa linatembea. Kwenda gia ya pili, achia mafuta, vuta kijiti taratibu hadi katikati, subiri mizunguko ishuke, kisha kisukume kwa vidole viwili, bila nguvu. Kitaingia chenyewe kasi zikilingana. Penye kusimama, rudisha kijiti katikati, funga breki, zima, uanze upya. Stata haitapenda, kwa hiyo ukipumzika chagua mahali ambapo pua ya gari inaangalia mteremko.